Mjadala: Kemisti afungwe kwa kuuza antibiotiki bila cheti, ilhali kipimo chenyewe cha taifodi kinapotosha?

Mwanzisha mjadala

Kila usugu wa dawa, yaani bakteria kutouawa tena na antibiotiki, unapotajwa, lawama huangukia maduka ya dawa ya mitaani. Wito ni ule ule: Bodi ya Famasi na Sumu, inayosimamia maduka ya dawa Kenya, imfungie kila kemisti anayeuza antibiotiki bila cheti cha daktari. Sheria ipo tayari, Sura ya 244, na wengi wanataka itekelezwe bila huruma. Mimi naona tunaanzia mahali pasipofaa.

Chukueni homa ya matumbo, yaani taifodi. Hapa Nairobi mtu akiumwa kichwa, akiwa na joto na uchovu, akaingia kliniki ya mtaani, atatolewa damu na baada ya muda mfupi aambiwe ana taifodi. Kipimo kilichotumika ni cha Widal, chenye jina la Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Kipimo hiki hakitafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza ukipambana na bakteria hao. Aliyeugua zamani anaweza kuwa nazo bado. Aliyewahi kuambukizwa aina nyingine za Salmonella, bakteria wa jamii moja na wa taifodi, anaweza kuwa nazo. Hata mwenye malaria anaweza kusomeka vibaya. Katika mji ambao wengi wetu tumeshakutana na vimelea hivi, jibu la "ndiyo" lililopatikana mara moja halithibitishi kitu. Lakini karatasi ile ina muhuri, na mwenye nayo anauziwa antibiotiki ya siprofloksasini kihalali kabisa. Hapo cheti kimemlinda nani?

Sisemi taifodi ni hadithi. Utafiti uliofanywa Kibera kati ya 2007 na 2009, uliothibitisha wagonjwa kwa kuotesha damu maabarani, yaani kuitunza hadi bakteria waliomo wazaane waonekane, ulipata wagonjwa 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Kule Lwak, mashambani upande wa magharibi mwa nchi, walikuwa 29. Ugonjwa upo na unatuua, na ndiyo maana inaniuma kuona unapimwa kwa kubahatisha.

Msimamo wangu: kliniki zikatazwe kumwambia mtu ana taifodi kwa Widal peke yake, kaunti ilete huduma ya kuotesha damu karibu na watu, ndipo kemisti abanwe. Nipingeni.

Mama, Mathare

Mwanangu huambiwa taifodi kila akipanda joto. Nimezoea hadi siku hizi siendi kliniki, naenda moja kwa moja kwa kemisti namwambia, "Daktari, nikatie za mia." Najua dozi haitimii. Mia ndiyo iliyopo. Hospitali ya serikali ni foleni ya kuanzia alfajiri, na siku nisipofua nguo za watu jioni hatuli. Mkifunga kemisti, homa ya saa tano usiku niipeleke wapi?

Na maji mbona hamyataji? Mabomba yetu ya plastiki yanapita ndani ya mtaro wa maji taka. Maji yakikatika kisha yakarudi, yale ya kwanza hutoka yakinuka. Sishangai damu zetu zote zinasoma taifodi.

Fundi wa maabara, Eastleigh

Asante mama, hapo kwenye maji umesema kweli tupu.

Wacha niwaeleze Widal inavyofanywa, maana wengi huona karatasi tu. Naweka tone la majimaji ya damu juu ya kioo, naongeza tone la dawa ya kupimia ya samawati hapa na nyekundu pale, natikisa kioo polepole kwa dakika moja hivi huku nikiangalia. Yakishikana chembechembe, nasema ipo. Taa ikiwa hafifu, au nikitikisa kupita kiasi, jibu linabadilika. Wenzangu wawili wakiangalia kioo kimoja wanaweza wasikubaliane. Kisha daktari anaandika dawa ya siku saba.

Linganisheni na kile kipimo cha haraka cha malaria. Kile kinatafuta protini ya kimelea chenyewe, na tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu apimwe kabla ya kupewa dawa ya malaria. Taifodi haina kipimo cha haraka cha kuaminika kiasi hicho. Kuotesha damu kunataka chupa maalumu, mashine ya joto, umeme usiokatika, na siku mbili tatu au zaidi kabla ya jibu. Kliniki ndogo haiwezi, na sitaificha: Widal ni rahisi kufanya, na inaingiza pesa kila siku.

Daktari, hospitali ya umma

Mwanzisha mjadala, nakupinga, na nakupinga kwa nguvu.

Unataka kuotesha damu kwanza, kemisti baadaye. Lakini hata kukifanywa vizuri, kipimo hicho hunasa takriban wagonjwa sita tu kati ya kumi wenye taifodi. Aliyekwisha meza za mia kabla ya kuja kwangu ananasika kwa shida zaidi, kwa sababu dawa imewapunguza bakteria kwenye damu bila kuwamaliza. Ina maana kemisti anaharibu kile kile kipimo unachokililia. Utajengaje maabara juu ya damu ambayo tayari ina dawa?

Pili, tazama Hyderabad ya Pakistan. Mwishoni mwa 2016 ilizuka huko taifodi iliyoshinda kloramfenikoli, ampisilini, kotrimoksazoli, siprofloksasini na hata seftriaksoni ya sindano. Kwa upande wa vidonge ilibaki azithromaisini. Hiyo azithromaisini hapa kwetu watu wanaimeza kwa mafua! Mwaka 2019 duniani kote, bakteria sugu walisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27. Ukiniambia nisubiri kaunti inunue mashine, unaniambia nisubiri na wafu.

Mfamasia, Umoja

Daktari, nisipomuuzia mimi anavuka barabara, na huyo wa ng'ambo hajasomea chochote. Msako ukija, mwenye leseni hupatikana kirahisi kwa sababu ana anwani. Yule mwingine anafunga mlango leo, kesho yuko mtaa wa pili.

Ila kuna njia ya kati. Tangu 2017 Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwanza, za kuchungwa, na za akiba. Amoksilini iko kundi la kwanza. Siprofloksasini, azithromaisini na seftriaksoni ziko kundi la kuchungwa. Nibaneni leo hii kwa hizo za kuchungwa, nitaelewa. Lakini msinifunge kwa kumhudumia mama wa Mathare saa tano usiku.

Mwanzisha mjadala

Daktari, hoja ya damu iliyokwisha kutiwa dawa ni nzito na imenisogeza. Sidai tena kwamba kumbana kemisti kungoje. Nachukua pendekezo la mfamasia: dawa za kuchungwa zifungwe sasa, kwa kemisti na kwa kliniki pia. Hapo kwa kliniki ndipo sitarudi nyuma. Ukimzuia mfamasia kuuza siprofloksasini, kisha ukamwachia mwenye kliniki aiandike kwa sababu chembe zimeshikana juu ya kioo, dawa ni ile ile na usugu ni ule ule. Mgonjwa ameongezewa tu gharama ya kipimo.

Mama, swali lako la saa tano usiku sina jibu lake zuri. Kituo cha afya cha umma kinachofunga jioni kinamkabidhi kemisti mgonjwa. Wanaodai msako wadai na kituo cha kufunguliwa usiku, katika pumzi hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine linaloharakisha haya. Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto wa kuanzia miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya taifodi. Nafurahi sana. Sasa fikirini: wagonjwa wa kweli wakipungua, sehemu kubwa zaidi ya majibu ya "ndiyo" ya Widal itakuwa ya uongo kuliko ilivyo leo. Kliniki zikiendelea kuandika taifodi kwa kasi ile ile, wazazi watasema chanjo haifanyi kazi, na hatutakuwa na takwimu za kuwajibu.

Wenye kliniki hamjasema neno tangu tuanze. Widal ikikatazwa kesho, mgonjwa wa homa akiketi mbele yenu asubuhi, mtamfanyia nini? Nataka kulisikia hilo kutoka kwenu.