Mwalimu akigusa asili ya ulimwengu darasani, amevuka mpaka?

Ukwaju (mleta mada)
Wakuu, heshima kwenu. Kundi la wazazi wa darasa la binti yangu, huku Tabata, linawaka moto. Mwalimu wa fizikia wa kidato cha pili amewaambia watoto kuwa ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye damu yao yalitengenezwa na nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Mtoto mmoja kafika nyumbani kamuuliza baba yake, "Kwa hiyo udongo wa Adamu ulitoka kwenye nyota?" Mzee akapanda juu. Kaandika kwenye kundi: mwalimu afundishe kinachotoka kwenye mtihani, uumbaji awaachie sheikh na padri. Waliomwekea dole gumba ni wengi kuliko nilivyotegemea.

Mimi nasema mwalimu hajakosea. Tuliosoma mtaala wa zamani tulikariri sayari kwenye Jiografia kidato cha kwanza, tukajibu mtihani, basi. Hakuna aliyetuambia kuwa jua ni nyota yenye mwanzo na mwisho. Lina miaka bilioni 4.6, limebakiza kama bilioni 5, kisha litavimba liwe jitu jekundu, litapukutisha tabaka zake za nje, na kiini kitabaki kibete cheupe kinachopoa polepole. Mtoto akijua hivyo, imani yake inapungua nini? Wanaopinga karibuni, ila tusitukanane.

Nanga
Mkuu Ukwaju, simo kwenye kundi lenu, lakini ningekuwemo na mimi ningeweka dole gumba. Kuzaliwa na kufa kwa nyota sina ugomvi nako, hizo zinaonekana. Ugomvi wangu ni huo mwanzo. Nani alikuwepo?

Mwaka 1929 mwanaastronomia Hubble alionyesha kuwa galaksi, yale makundi makubwa mno ya nyota, zinaachana, na kadiri iliyo mbali ndivyo inavyokwenda kasi. Sawa. Lakini ukiurudisha mwendo huo nyuma hadi zilipokuwa pamoja, kwa vipimo vyake vya wakati ule, ulimwengu unapata miaka kama bilioni 2 tu, pungufu ya umri wa miamba ya dunia yenyewe. Mtoto mkubwa kuliko mama yake! Leo mnasema 13.8. Kesho je?

Na kuna jambo mnalikwepa. Mtoto wa miaka 14 akisikia mwalimu anasema hivi na ustadhi wa madrasa anasema vile, kwake mmoja wao lazima awe mwongo. Nyumbani nani atamtatulia? Mimi natoka Kariakoo saa tatu usiku.

Mchumvi
Nanga, hiyo ya 1929 ni hoja nzuri, lakini umeishia njiani. Walioligundua kosa ni wanaastronomia wenyewe. Mwaka 1952 Walter Baade alionyesha kuwa zile nyota zinazotumika kupimia umbali ni za aina mbili, na zilikuwa zinahesabiwa kama aina moja. Umbali wa galaksi ukaongezeka maradufu kwa mkupuo, na umri nao hivyo hivyo.

Unauliza nani alikuwepo. Hakuhitajika mtu, mabaki yapo. Mwaka 1964 wanasayansi wawili, Penzias na Wilson, kule New Jersey, Marekani, walikuwa na antena kubwa yenye umbo la pembe iliyokuwa ikinasa muungurumo usiokoma. Wakaielekeza huku na kule, muungurumo ni ule ule, mchana na usiku. Wakakuta njiwa wamejenga kiota ndani, wakawaondoa, wakakwangua na kinyesi chao. Wapi! Walichokuwa wanakinasa ni mwanga wa zamani kuliko wowote, ulioachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, ambao sasa umepoa hadi kama nyuzi 270 chini ya sifuri. Waliokuwa na televisheni Dar kabla analojia haijazimwa mwisho wa 2012 wanazikumbuka chenga. Sehemu ndogo ya zile chenga, kama asilimia moja, ni mwanga huo huo. Ulikuwa sebuleni kwako, mkuu.

Kuhusu chuma, mwalimu kafupisha mno. Nyota huzaliwa wingu la gesi, hasa hidrojeni, linapojikunja kwa uzito wake lenyewe mpaka katikati pafikie joto la mamilioni ya nyuzi na hidrojeni ianze kuungana kuwa heliamu. Nyota ndogo kama jua huishia kwenye kaboni na oksijeni. Kubwa, zaidi ya mara nane ya jua, huendelea hadi chuma, na hapo ndipo kifo kinapopiga hodi: kuunganisha chuma hakutoi nishati, kunakula nishati. Kiini kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na nyota inalipuka. Ila chuma kile cha kiini hakitoki, kinasagwa humo humo. Kinachotufikia huundwa na mlipuko wenyewe, na kingine kingi kinatoka kwa vibete vyeupe vinavyolipuka.

Na hili lilishuhudiwa. Tarehe 23 Februari 1987 ilionekana nyota iliyolipuka kwenye galaksi jirani, umbali wa miaka ya nuru kama 168,000, yaani mwanga wake husafiri miaka yote hiyo kutufikia. Saa chache kabla mwanga haujaonekana, mitambo iliyo chini ya ardhi, mmojawapo Japani, ilinasa nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, kama ishirini na kitu, kama nadharia ilivyotabiri. Kwa sisi wa huku kusini nyota hiyo ilionekana kwa macho matupu.

Bodaboda Msomi
Hayo yote hayaleti unga. Endeleeni.

BintiPwani
Bodaboda, wazee wetu wa mwambao waliutafuta unga kwa nyota. "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua," hiyo ilikuwa kalenda ya mkulima. Na Kilimia chenyewe ni nyota changa, yapata miaka milioni 100 tu. Ukitaka kuona zinapozaliwa, nenda Kimbiji jioni ya Desemba. Kundi la Orion linatokea baharini, na pembeni ya zile nyota tatu zilizopangana kuna doa kama moshi. Mle ndani nyota zinazaliwa.

Kaka Nanga, nakujibu kama Muislamu. Wengi hukimbilia Suratul Anbiyaa aya ya 30, kuwa mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, wakasema sayansi imetuthibitishia. Mimi siipendi njia hiyo. Nadharia ikirekebishwa, aya utaipeleka wapi?

Padri mmoja alishaliona hili. Georges Lemaître, Mbelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kuwa ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akasema ulianza na kitu kama chembe moja. Papa Pius wa Kumi na Mbili alipohutubia mwaka 1951 akiichukulia nadharia hiyo kama inaunga mkono uumbaji, Lemaître hakufurahi. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia ile iko nje ya mambo ya dini: asiyeamini aikubali akitaka, na anayeamini asiigeuze ushahidi. Huyo alikuwa akisoma misa, si mpagani. Mwalimu wa Tabata akifuata hapo, sheikh na padri hawana cha kumlaumu.

Ukwaju
Shukrani dada BintiPwani, umenisemea. Nanga, jibu la mtoto wako ndilo hilo. Mwalimu aseme: tumepima mwanga wa miaka 380,000 ya mwanzo, tumepima hidrojeni na heliamu zilizopikwa dakika chache za kwanza, kama robo tatu kwa robo kwa uzito. Ukirudi nyuma zaidi, hadi sekunde sifuri, fizikia tuliyonayo inagota. Nani aliyewasha na kwa nini, hilo haliko kwenye vipimo, kamuulize ustadhi. Kuna mwongo hapo?

Nanga
Ya padri sikuwa naijua, na nimeipenda. Mwalimu akisema hivyo hivyo, na akome hapo, kwenye imani namwachia. Ila upimaji wa kidato cha pili ni Novemba, na mwanangu ananiambia sumaku hawajamaliza. Kuna mtu kanijibu hilo?