Naomba ushauri: mvuke wa ardhini kwa hospitali, Naivasha

Wadau habari zenu. Mimi ni fundi wa mitambo kwenye hospitali ndogo upande wa Naivasha. Boila ya dizeli inatumaliza: mashuka ya kufua, vyombo vya kuchemsha, maji ya kuoga wodi ya wazazi, na baridi ya usiku huku si mchezo. Shamba la Oserian walipasha joto mabanda ya maua kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, na Menengai maji ya moto ya ardhini yanafulia nguo, kwa hiyo kuachana na dizeli si ndoto.

Wasiwasi wangu ni silika (madini yanayokuja na maji ya ardhini) kuganda kwenye mabomba. Kibadilisha joto (kifaa cha kuhamishia joto la maji ya ardhini kwenye maji safi) cha mabamba kitahimili, au bora cha mirija? Na kupoza chumba cha upasuaji kwa chila ya lithiamu bromidi (mtambo wa kupoza unaoendeshwa na joto), maji ya nyuzi 85 yatatosha kuiendesha? Aliyewahi kuifunga anijuze, hasa habari ya usafishaji.