Kala gadi ni mchezo au ni ngoma tu?

MamaNeema: Wazazi wenzangu wa huku Ohio naombeni mawazo. Binti yangu yuko kala gadi ya shule, lile kundi la kuzungusha bendera na bunduki za mbao kwa muziki, tangu baridi ianze hana Jumamosi. Leo naambiwa saa zake hazihesabiwi kama P.E., somo la mazoezi ya mwili, eti ni sanaa, ila wa basketi wanahesabiwa. Hii haki kweli?

mtu_wa_pwani: Dada tusidanganyane, kuzungusha bendera kwa muziki ni ngoma. Mchezo una magoli.

MamaNeema: Ushawahi kuishika wewe? Mti wake ni futi 6, unarushwa unazunguka hewani na kuudaka umepiga goti. Juzi bunduki ilimtoka ikampasua mdomo, akaiokota akaendelea mpaka mwisho, damu inashuka kidevuni. Usiniambie ngoma!

BabaWaGoma: Mi kilichoniuma ni hiyo bunduki. Tumetoka Kivu tukikimbia hiyo kitu, leo mtoto anairusha sebuleni kwangu? Wangu nilimtoa siku ileile.

kocha_msaidizi: Mzee wangu shikamoo. Ile ni mbao na mkanda tu, haipigi kitu. Imebaki kwa sababu mambo haya yalianzia kwa walinzi wa bendera jeshini, kisha timu za vyama vya wanajeshi wa zamani, kina American Legion. Siku hizi watoto wanacheza hadithi nzima, majaji wanaangalia vifaa, mwili, ubunifu, na mkichelewa kutoa zulia lenu la kuchezea uwanjani mnakatwa pointi.

mtu_wa_pwani: Wenyewe WGI, waandaaji wa mashindano ya kala gadi pale Dayton, tangu 1972 wanajiita mchezo wa sanaa, yaani hata wao hawajaamua

MamaNeema: WGI ni 1977! Hiyo 1972 ni fainali ya kwanza ya DCI, mashindano ya bendi za kiangazi. Soma kwanza ndo utukane jasho la mwanangu.

mtu_wa_pwani: Nani katukana? Nimesema ngoma, na bibi yangu kacheza ngoma maisha yake yote, ngoma ni tusi tangu lini??

BabaWaGoma: Kijana kocha, marahaba, ila bunduki usinifundishe. Umbo lake tu linatosha, mama yake akiliona analala taa inawaka.

kocha_msaidizi: Nimekuelewa mzee, samahani sana.

BabaWaGoma: Mtoto hajasema na mimi vizuri tangu nimtoe. Anaweza kushika bendera peke yake, ile mbao asiiguse?

kocha_msaidizi: Anaweza mzee. Wengi wanashika bendera tu msimu mzima. Ongea na kocha wao kabla hawajagawa nafasi.