Malalamiko: familia zenye uwezo zinapokwenda likizo, wanaochoka ni watu wengine

Wanajukwaa wenzangu,

Nimefanya kazi ya mapokezi katika hoteli za ufukweni kwa miaka mingi, na uzi huu nimeufungua kwa hasira ambayo sitaki kuificha. Kila msimu wa likizo za shule unapomalizika, nasoma malalamiko ya familia zenye uwezo kwamba huko zilikokwenda kulijaa watu kupita kiasi, huduma ilikuwa ya kusuasua, na wenyeji walikuwa wamenuna. Hakuna hata mmoja kati ya walalamikaji hao anayejiuliza msongamano huo umeletwa na nani, wala kwa nini mhudumu aliyemletea maji alikuwa amechoka kiasi kile.

Ninaowasema si matajiri wa kupindukia wenye ndege na visiwa vyao. Nawasema madaktari bingwa, mawakili, mameneja na wenye biashara zilizosimama vizuri, watu ambao mwisho wa mwaka huwa ufukweni, katikati ya mwaka huwa katika mji fulani mkongwe wa Ulaya, na baadhi yao huongeza wiki nzima ya kuteleza kwenye theluji katika milima ya Alps. Hao ndio wasafiri wenye nafasi kubwa kuliko wote ya kuchagua, kwa sababu wana siku za likizo zenye malipo, wana akiba, na wengi wao kazi zao zinawaruhusu kupanga tarehe mapema. Pamoja na uhuru wote huo, wanachagua mahali palepale walipopachagua wenzao, katika wiki zilezile, kisha wanafika na kukasirika kwa kuwakuta wenzao hao wameshafika.

Mfano ulio wazi ni Venice. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mji ule mkongwe ulikuwa na wakazi wapatao 175,000, na leo hawafiki 50,000. Agosti 2021 serikali ya Italia ililazimika kuzipiga marufuku meli kubwa za kitalii kupita katika mfereji wa Giudecca, na Aprili 2024 mji ukaanza kuwatoza wageni wa kutwa ada ya euro 5 katika siku zenye msongamano mkubwa. Tazameni ada hiyo inamwangukia nani. Mgeni anayelala katika hoteli za mjini hatozwi, kwa hoja kwamba kodi ya malazi ameshailipa, kwa hiyo anayesimama kwenye foleni ya kulipia kiingilio ni yule anayekuja asubuhi na kurudi jioni kwa sababu hana fedha za chumba. Familia yenye uwezo inapita bila kuguswa, na ikirudi nyumbani inaeleza jinsi watalii wa kutwa walivyoiharibu Venice.

Hasira yangu huongezeka ninapofika kwenye suala la nyumba. Siku hizi familia hizi hazipendi hoteli katika miji mikubwa. Zinataka nyumba kamili yenye vyumba viwili vya kulala, jiko na kibaraza, katika mtaa ambao watu wa kawaida wanaishi, ili zijisikie kama wenyeji kwa siku chache. Nyumba yenye vyumba viwili, jiko na kibaraza ni nyumba ya mtu. Mwenye nyumba akishagundua kwamba mgeni wa wiki moja anamlipa zaidi ya mpangaji wa mwezi mzima, mpangaji ataondolewa, na mtoto wake atahama shule. Barcelona imefikia hatua ambayo Juni 2024 meya Jaume Collboni alitangaza kwamba leseni za nyumba zaidi ya 10,000 zinazopangishwa watalii hazitahuishwa muda wake utakapokwisha mwaka 2028. Mwezi uliofuata waandamanaji waliwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea. Niliona watu wakiucheka mkasa ule na wengine wakiuita utovu wa adabu, ilhali kwangu mimi mwenye kusikitikiwa alikuwa yule mpangaji aliyefungashiwa virago, na si mtu aliyelowa shati.

Bahari nayo imeonja. Ghuba ya Maya nchini Thailand, ambayo ilivuma baada ya kuonekana katika filamu ya mwaka 2000, ilifungwa Juni 2018 kwa sababu nanga za boti na wingi wa waogeleaji vilikuwa vimeyaharibu matumbawe, na ilipofunguliwa tena Januari 2022 boti zilikatazwa kuingia ndani yake. Mwaka huohuo wa 2018 kisiwa cha Boracay nchini Ufilipino kilifungiwa miezi sita ili kuzuia majitaka ya biashara za kitalii kumwagwa baharini. Kuhusu ndege nitasema jambo moja tu: uchunguzi wa wataalamu ulionesha kwamba mwaka 2018 ni takriban asilimia 11 ya watu wote duniani waliopanda ndege, na wasiozidi asilimia 4 waliopanda ndege kwenda nje ya nchi zao. Anayesema kwamba siku hizi kila mtu anasafiri awe anakumbuka kwamba huyo kila mtu ni jamaa zake na majirani zake.

Turudi sasa hotelini, ambako naona kwa macho yangu. Familia inafika baada ya safari ndefu, mtoto amechoka na ana kiu, na swali la kwanza la mzazi pale mapokezi ni neno la siri la intaneti. Kesho yake asubuhi mtoto anapelekwa kwenye chumba cha michezo na kuachwa huko hadi jioni, na kila mlango unapofunguliwa anainua kichwa kuona kama aliyeingia ni wa kwao. Jioni anatolewa ili apigwe picha. Nimewahi kumwona mvulana mdogo akitolewa kwenye bwawa wakati mchezo ukiwa umenoga, akafutwa maji harakaharaka na kuvalishwa shati jeupe linalofanana na la baba na dada zake, kisha akaamriwa atabasamu wakati jua linazama. Alikuwa analia. Walirudia picha ile mpaka mwanga ukaisha, na usiku wazazi wakawa mezani wanachagua ipi itumwe kwenye mitandao, kila mmoja na simu yake, huku watoto wakisinzia kwenye viti. Familia imelipa fedha nyingi, na aliyefaidi siku ile ni yule atakayeiangalia picha akiwa mbali na kuona wivu, maana ndiye aliyekuwa anatafutwa tangu mwanzo.

Hata hivyo, jambo lililonisukuma kuandika ni yaya.

Familia nyingi za daraja hili husafiri na yaya, na katika fomu ya kujiandikisha huandikwa kama mgeni wa kawaida. Anapewa kitanda cha ziada katika chumba cha watoto. Anaamka wao wanapoamka, na usiku mtoto akilia yeye ndiye anayenyanyuka, kwa sababu wazazi wamechukua chumba cha peke yao upande wa pili wa ukumbi, wenyewe wanasema wamekuja kupumzika. Wakati wa kifungua kinywa anamlisha mdogo huku akimfukuzia mkubwa, na anapopata nafasi ya kula wahudumu wanakuwa wameshaanza kuondoa vyombo. Nyumbani kwao angalau alikuwa na siku yake moja ya kutoka katika wiki na ndugu zake wa kuwatembelea, lakini huku hana siku, hana ndugu, na yuko kazini saa zote. Nilishawahi kufikiwa na yaya mmoja saa nne usiku, watoto wakiwa wamelala, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mlango wa kuelekea ufukweni bado uko wazi, kwa kuwa walikuwa wanaondoka alfajiri na yeye alikuwa hajakanyaga mchanga hata mara moja bila mtoto mkononi. Ulikuwa umefungwa. Asubuhi mwajiri wake, akilipa bili mbele yangu, aliniambia kwa fahari kwamba mwaka huu wamempeleka dada yao likizo.

Watu hawa ni wasomi, na wengi wao wanajua sheria kuliko mimi. Basi wasome Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu wafanyakazi wa nyumbani, uliopitishwa mwaka 2011. Unasema mfanyakazi wa nyumbani hapaswi kulazimishwa kubaki nyumbani kwa mwajiri au na watu wa nyumba hiyo katika muda wake wa mapumziko ya siku, ya wiki au ya likizo ya mwaka, na kwamba mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo. Safari ambayo yaya amebeba mtoto kuanzia uwanja wa ndege hadi kurudi ni kazi, tena kazi ya saa za ziada, na kuikata katika siku zake za likizo ni kumwibia. Mwajiri huyohuyo angeitwa na ofisi yake katikati ya safari angelalamika mwaka mzima kwamba ameharibiwa mapumziko.

Najua nitajibiwa kwamba wageni hawa ndio wanaotulipa mishahara. Ni kweli, na kwa hilo nawahudumia kwa heshima kila siku, lakini mshahara haumzuii mtu kusema anachokiona. Sisi tunaofanya kazi hotelini haturuhusiwi kuomba likizo shule zinapofungwa, kwa sababu ndio msimu wenyewe, hivyo watoto wetu wakiwa nyumbani sisi tuko zamu za mchana na usiku tukiwatunza watoto wa wengine. Tunapopata likizo yetu, watoto wameshavaa sare na kurudi darasani. Haki ya likizo yenye malipo iliwekwa katika mkataba wa kimataifa tangu mwaka 1936, lakini likizo ambayo huwezi kukaa na wanao ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo hupungua wageni wanapogawanyika katika miezi mbalimbali.

Ninachotaka kinawezekana kabisa. Familia yenye watoto ambao hawajaanza shule haina sababu yoyote ya kusafiri katika wiki za shule kufungwa, na bado naipokea kila msimu. Anayekwenda katika mji ambao wakazi wake wanalia kwa kukosa nyumba alale hotelini. Anayetaka kusafiri mara tatu kwa mwaka kwa siku nne nne aende mara moja akae wiki mbili, aonane kwanza na watoto wake kabla hajatafuta mwanga wa kupigia picha. Anayekwenda na yaya amlipe saa za ziada, ampe chumba chake na siku yake nzima ya kutoka, na wakirudi nyumbani ampe likizo yake kamili aende kwao.

Naomba wachangiaji waliowahi kuwa yaya katika safari za namna hii waeleze humu waliahidiwa nini kabla ya kuondoka na walilipwa nini waliporudi. Waajiri nao wanakaribishwa, mradi waje na majibu kuhusu zile saa 24.