Picha za katikati ya jiji zisizofanana na kadi za posta: mnasimama wapi?

Mtembezi_Taratibu

Wakuu, salaam. Nina simu ya kawaida na kamera ya kizamani yenye lenzi ya milimita 18 hadi 55. Siku za mapumziko napenda kuzunguka katikati ya jiji asubuhi, kabla magari hayajajaa. Maghorofa yapo, mnara wa saa upo, barabara pana ipo. Lakini nikifungua picha nyumbani naona kadi za posta tupu: jengo katikati, anga juu, lami chini. Tena majengo marefu yanaegemea nyuma utadhani yamechoka. Mmoja kanishauri ninunue droni, mwingine lenzi pana zaidi. Kabla sijachomoa hela mfukoni, naomba kuwauliza wazoefu: mnasimama wapi? Na walinzi wa majengo mnakwenda nao vipi?

Ngazi_ya_Saba

Mkuu, hela yako iache ilipo. Kinachokuponza si kamera, ni kitovu.

Aleksandr Rodchenko, Mrusi, mwaka 1928 aliwashukia wapiga picha wenzake jaridani kwa sababu hiyohiyo. Kamera nyingi za enzi zile zilishikwa usawa wa tumbo, mpigaji akachungulia kwa juu, basi dunia nzima ikawa inapigwa kutoka kitovuni. Yeye alishikilia kwamba mji wa maghorofa hautazamwi hivyo: unatazamwa kutoka chini kwenda juu na kutoka juu kwenda chini. Na si kwamba alianza kwa maneno. Mwaka 1925 alikwisha kusimama chini ya ukuta wa jengo alilokaa, mtaa wa Myasnitskaya pale Moscow, akaelekeza kamera juu. Roshani zinapandana mpaka hujui ukuta unaishia wapi. Hakuhangaika kuliingiza jengo zima kwenye picha, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Majengo yako yanaegemea kwa sababu unainua kamera kidogo. Hiyo kidogo ndiyo mbaya: mistari ya kuta inapinda kiasi cha kumkera mtazamaji, lakini haitoshi kumwonyesha kwamba umekusudia. Chagua moja. Ama usogee hadi ukutani na kuinua kamera kwelikweli, ama uiweke wima kabisa, isitazame juu wala chini. Ukiiweka wima kutoka barabarani utakata kichwa cha jengo, kwa hiyo dawa ni kupanda jengo linalolitazama mpaka ufike usawa wa kiuno cha lile unalolitaka. Kuta zitanyooka zenyewe bila programu yoyote.

Mimi kwa kupanda napenda maegesho ya magari ya ghorofa, yale ya wazi pembeni. Ya tatu mpaka ya tano, si zaidi. Paa nimelichoka. Ukiwa juu kabisa watu wanageuka siafu, na mji mmoja unakuwa sawa na mwingine. Ghorofa ya nne bado unaona nani kabeba mfuko mkono gani. Nenda jua likiwa chini, tazama barabara moja kwa moja bila kuingiza anga hata kidogo. Nina picha ya mfagiaji niliyoipiga hivyo: yeye mwenyewe ni duara la kofia tu na ncha za viatu, ila kivuli chake kimelala barabarani kizima, magoti yamekunjwa, ufagio umetangulia mbele. Mtu akiiona anaanza na kivuli, ndipo anamtafuta mwenyewe. László Moholy-Nagy, msanii na mpiga picha kutoka Hungaria, alifanya kitu cha namna hiyo Berlin mwaka 1928, juu ya mnara wa redio, theluji imetanda chini: njia na miti ikawa mchoro mtupu.

Kama ghorofa ina kioo, gusisha mdomo wa lenzi kwenye kioo, funika pembeni kwa koti jeusi, zima taa za chumbani kama unaruhusiwa, ili mwanga wa ndani usiakisi kwenye kioo. Wasaa nao una hesabu yake. Berenice Abbott, mpiga picha Mmarekani, miaka ya 1930, alitaka New York ya usiku kutoka juu ikiwa na taa zote ofisini, na shata yake, yaani kile kilango kinachoingiza mwanga kwenye kamera, ilihitaji kubaki wazi kama dakika 15. Ikabidi iwe Desemba, giza linapoingia mapema kabla watu hawajatoka kazini saa kumi na moja jioni na kuzima taa. Ukienda usiku wa manane kama wanavyofanya wengi, unapiga madirisha meusi.

JichoLaChini

Ngazi kasema vya juu, mimi nakaa chini. Simu yako inatosha, igeuze kichwa chini miguu juu. Lenzi ya simu iko upande wa juu, kwa hiyo ukiigeuza inakaribia maji kabisa. Dimbwi la upana wa sinia, baada ya mvua, linabeba ghorofa ishirini bila shida. Gusa skrini kwenye jengo lililo ndani ya maji, siyo kwenye ukingo wa dimbwi. Fokasi inahesabu umbali mpaka majini *pamoja na* umbali kutoka majini hadi jengoni, ndiyo maana ukigusa ukingo jengo linafifia. Na mwenye filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, aizungushe kwa makini, inaweza kufuta taswira yote akabaki na lami iliyolowa.

Kingine: vioo vyenye mvuke. Mpiga picha Saul Leiter alikaa miaka mingi New York akipiga mtaa kupitia madirisha yaliyolowa, mara nyingi kwa lenzi ndefu, ile ya kuvuta vya mbali. Mwavuli mmoja mwekundu na matone, basi.

FundiLenzi

Napingana kidogo na hii "usinunue chochote". Lenzi ya milimita 200 katikati ya jiji ni raha. Lakini tuelewane: lenzi haibani majengo yaonekane yamesongamana, umbali ndio unaobana. Simama mbali, mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka, ukate kipande kidogo cha mbali: taa za barabarani, mabango na madirisha vinakaa kama vimebandikwa kwenye ukuta mmoja. Lenzi ndefu inakuokolea pikseli tu, zile ambazo ungezipoteza kwa kukata picha.

Kuhusu droni, soma sheria za ulipo kwanza. Marekani droni ya burudani kuanzia gramu 250 lazima isajiliwe. Umoja wa Ulaya hata chini ya uzito huo, ikiwa na kamera na siyo ya kuchezea, mwenyewe anajisajili. Na kuirusha juu ya watu waliojaa mtaani usithubutu.

Mtembezi_Taratibu

Nimewasoma wote, asanteni. Ngazi, hukunijibu ya walinzi. Na mchana jua likiwa kali, mtaa uko kwenye kivuli cha maghorofa, nifanye nini?

Ngazi_ya_Saba

Mchana huo usiukimbie. Jua likigonga jengo la vioo upande mmoja, linarusha mwanga upande wa pili uliokuwa kivulini, viraka viraka vyenye umbo la madirisha. Subiri kwenye kiraka kimoja, pima mwanga kwa kiraka chenyewe, kivuli acha kiwe cheusi. Mtu atapita, na kwa hatua mbili au tatu atawaka peke yake. Viraka vinahama jua linavyohama, usiende kunywa maji ukategemea kukikuta palepale.

Walinzi: salimia kwanza, kamera ikiwa bado begani. Eleza unataka kupiga nini na utakaa muda gani. Wakikataa, ondoka, barabara ya umma iko nje. Kinachowashtua hasa ni stendi ya miguu mitatu, wakiiona wanadhani umekuja kwa biashara. Mimi naegemeza kamera kwenye ukingo wa ukuta, mkanda nimeuzungushia kifundoni mara mbili, na lenzi haivuki ukingo. Chini kuna watu.

Ukianza kuuza picha ndipo uulize zaidi. Mnara wa Eiffel mchana piga utakavyo, ila taa zake za usiku zina hakimiliki, matumizi ya biashara yanahitaji kibali. Majengo mapya ya katikati ya jiji nayo yanaweza kuwa na masharti ya namna hiyo, inategemea nchi.

Jumamosi ukipanda hayo maegesho, weka hapa picha mbili za kona moja, ya barabarani na ya ghorofa ya nne, tuzichambue.