Kipande cha barabara ya Busega–Mpigi kikikamilika mapema, kwa nini kisifunguliwe peke yake?

Mchuuzi wa Nsangi:

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mfanyabiashara wa matoke na maharagwe, naishi Nsangi, na mizigo yangu hutoka Masaka na Lyantonde kwenda masoko ya Kampala. Kwa hiyo barabara mpya ya mwendo kasi kutoka Busega, ukingoni mwa Kampala, hadi Mpigi, yenye kilomita 23.7 na njia mbili kila upande, ni jambo linalonigusa mfukoni. Barabara ya sasa mnaijua: matrela yanayotoka Katuna mpakani mwa Rwanda, mabasi ya Mbarara, teksi zinazosimama popote abiria anapopunga mkono, na bodaboda zinazojaza kila nafasi iliyobaki, wote tunabanana kuanzia Katende mpaka tuvuke Kyengera. Lori likichelewa kuingia sokoni Nateete alfajiri, wanunuzi wa jumla huwa wamekwisha kupata mzigo kwa mwingine, nami huuza kwa bei ya hisani.

Nina maswali mawili. La kwanza, mradi huu ulianza mwishoni mwa muongo uliopita kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mpaka leo tunangoja ng'ambo ya marundo ya murramu. Kipande kimoja kikiwa tayari kabla ya vingine, kuna ubaya gani kukifungua ili watu wapumue? La pili, kuna bwana mmoja mwenye ghala upande wa Mpigi ambaye amenipandishia kodi na kutaka mkataba wa miaka miwili, hoja yake ikiwa ni kwamba barabara inakuja. Je, niandikiane naye?

Mhandisi Mstaafu:

Ndugu Mchuuzi, swali lako la kwanza lina jibu la mkataba na jibu la udongo. La mkataba ni fupi. Sehemu ya barabara hufunguliwa mapema iwapo kazi iligawanywa tangu mwanzo katika sehemu zenye tarehe zake za makabidhiano, au pande zote zikikubaliana baadaye. Siku ambayo mwenye barabara, yaani serikali, anaanza kuitumia sehemu hiyo, huhesabiwa kuwa ameipokea. Jukumu la kuitunza linamtoka mkandarasi, na muda ambao mkandarasi anawajibika kurekebisha kasoro kwa gharama yake unaanza kupungua. Mhandisi mshauri hawezi kutia saini jambo hilo kwa sababu tu foleni ya Kyengera imekuwa ndefu.

Jibu la udongo ndilo ambalo watu wengi hawalioni, kwa kuwa liko chini ya miguu yao. Kampala na viunga vyake ni vilima vilivyotenganishwa na vinamasi vya mafunjo. Barabara ya zamani ya Masaka ilifuata migongo ya vilima kadiri ilivyoweza, ndiyo sababu inapanda, inashuka na kupinda. Barabara ya mwendo kasi hairuhusiwi kufanya hivyo. Ile ya Entebbe ina kikomo cha kilomita 100 kwa saa, na gari la mwendo huo linahitaji miteremko ya taratibu na kona pana, kwa hiyo wajenzi hukata vilima na kujaza mabonde, na mabonde yetu ndiyo vinamasi. Busega penyewe, barabara inapoanzia, pako ukingoni mwa kinamasi cha Lubigi.

Chini ya mafunjo kuna tabaka la mboji iliyooza kwa karne nyingi, na sehemu kubwa ya tabaka hilo ni maji. Ukilipandishia tuta la udongo, maji yanaanza kutoka polepole sana, mithili ya mtu anayekamua ndizi za pombe kwa kiganja kimoja, na jinsi yanavyotoka ndivyo tuta linavyozama. Mahali ambapo mboji si ya kina kirefu, wajenzi huichimba yote na kujaza mawe. Ikiwa ya kina kirefu, huchomeka mifereji wima ya kuyapa maji njia, kisha hurundika udongo wa ziada juu ya tuta ili uzito wake uharakishe kuzama, na kupima kila mara mpaka vipimo vionyeshe kwamba ardhi imetulia. Muda huo wa kungoja unaweza kuchukua miezi mingi, na ndani yake mpita njia haoni mtu anafanya kazi wala mashine inanguruma. Husema mkandarasi ametoroka! Ukiweka lami kabla ya kutulia, utakuwa na barabara ya mawimbi, yenye mipasuko kila mahali tuta linapokutana na daraja, kwa sababu daraja limesimama juu ya nguzo zilizofika kwenye mwamba na haliendi popote, ilhali tuta la pembeni yake linaendelea kushuka.

Ongeza misimu yetu miwili ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ambapo udongo hauwezi kushindiliwa ukiwa umelowa, na utaona kwamba mwaka wa kazi za udongo si wa miezi 12.

Dereva wa Njia ya Katuna:

Mzee Mhandisi amesema vyema. Mimi naongeza la usukani tu. Tuseme wamefungua kipande cha kutoka Mpigi hadi Maya peke yake. Malori yote yanayokuja kutoka Masaka yatafika Maya kwa kasi, kisha yatamwagwa kwa pamoja kwenye barabara ya zamani, ambayo ni njia moja kila upande, hapo hapo mlangoni kwa Ndugu Mchuuzi. Nsangi na Kyengera zitajaa kuliko leo. Kipande chenye faida ni kile kinachoanzia Busega, kwa sababu huko gari linaweza kuchukua barabara ya mchepuo ya kaskazini au ile ya Entebbe bila kuingia mjini, na kwa mujibu wa maelezo ya Mzee, Busega ndiko kwenye kinamasi.

Tena tusisahau kwamba Mpigi si Masaka. Mei 2023 mafuriko yalipoharibu njia penye daraja la Katonga, barabara ilifungwa, nasi tulizungushwa kupitia Kanoni na Sembabule. Katonga iko ng'ambo ya Mpigi, kuelekea Masaka. Barabara mpya hata ingekuwepo siku ile isingetusaidia kitu huko.

Mthamini wa Ardhi:

Naomba nizungumzie upande ambao mara nyingi hufichwa nyuma ya neno moja, fidia, kana kwamba ni uzembe wa karani fulani.

Katiba yetu ya 1995, katika ibara ya 26, inataka mtu alipwe fidia ya haki na ya kutosha kabla ardhi yake haijachukuliwa. Kwa miaka mingi serikali ilitumia sheria ya zamani ya utwaaji wa ardhi, ya 1965, iliyoiruhusu kuingia kwanza na kulipa baadaye, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 2015, katika shauri lililotokana na barabara ya upande wa Hoima, kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mwaka 2017 serikali ilileta muswada wa kurekebisha ibara hiyo ili iweze kuweka fedha mahakamani na kuendelea na kazi wakati mgogoro wa bei ukisikilizwa. Upinzani ulikuwa mkali na muswada ukaondolewa. Kwa hiyo leo, mwenye kiwanja kimoja katikati ya kilomita kumi za barabara, akiwa hajalipwa, ana haki ya kukataa tingatinga lisipite. Binafsi naona Mahakama ilitenda haki, ingawa mimi pia hukaa katika foleni hiyo.

Sasa fikiria ugumu wa eneo hili. Huku Buganda ardhi nyingi ni ya mailo, ambapo mwenye hati ni mmoja na mwenye kibanja anayeishi na kulima juu yake ni mwingine, na wote wawili wana haki ya kulipwa. Mara kwa mara mwenye hati alikwisha kufariki, warithi hawajaelewana, hati bado ina jina la babu, na mwenye kibanja hana karatasi yoyote isipokuwa ushahidi wa majirani na diwani. Viwango vya mazao na nyumba zisizo za kudumu hupangwa na bodi ya ardhi ya kila wilaya, na barabara hii inavuka mpaka wa wilaya, kwa hiyo mgomba wa upande huu unaweza kuwa na bei tofauti na wa upande ule. Yote hayo yanakwenda kwa Mthamini Mkuu wa Serikali kuidhinishwa. Juu ya fidia huongezwa posho ya usumbufu ya asilimia 15, na ikiwa mtu amepewa notisi ya chini ya miezi sita posho hiyo inakuwa asilimia 30, maana yake ni kwamba serikali ikitaka haraka, hulipia haraka yake. Nalo lisilosemwa: malipo yakichelewa mpaka bei za ardhi zipande, watu hukataa bei ya zamani, uthamini unarudiwa, na kila kitu kinaanza upya.

Barabara ya kasi haina namna ya kukizunguka kiwanja kimoja. Ndiyo maana utaona kilomita tatu zimenyooka vizuri, halafu pengo lenye nyumba na shamba la muhogo, kisha kilomita nyingine tatu.

Mchuuzi wa Nsangi:

Nawashukuru sana, Mzee na ndugu zangu. Hoja ya Dereva imenigonga, kwa sababu nilikuwa nikidai kitu ambacho kingeniletea malori dirishani. Hata hivyo bado nina swali la ghala. Yule bwana anasema barabara itapita mita chache nyuma ya ukuta wake.

Mama Muuza Vipuri, Kajjansi:

Mwanangu, usilipie ukuta. Mimi niliona barabara ya Entebbe ikijengwa kuanzia 2012 hadi ilipofunguliwa Juni 2018, na kila aliyekuwa na chumba karibu na tuta alipandisha kodi. Barabara ya namna hiyo ina uzio, na gari haliingii wala kutoka ila kwenye makutano yaliyopangwa. Mwenye duka aliye mita 20 kutoka lami lakini mbali na makutano huyasikia magari tu. Nenda kaulize makutano ya upande wa Mpigi yako wapi hasa, upime umbali kwa njia ambayo lori litapita, si kwa macho. Bodaboda za kawaida haziruhusiwi barabara ya Entebbe, kwa hiyo kama wateja wako wa rejareja huja kwa boda, wataendelea kutumia njia ya zamani.

Pia weka tozo katika hesabu zako. Sheria ya Barabara ya 2019 inairuhusu serikali kutoza, na sisi wa Entebbe tulipita bure miaka mitatu na nusu mpaka tarehe 8 Januari 2022, tulipoanza kulipa shilingi 5,000 kwa gari dogo kwa safari nzima. Malori hulipa zaidi. Sisemi itakuwa hivyo Mpigi, nasema usipige hesabu ya faida yako ukidhani njia ni ya bure milele.

Kwa mkataba, mimi ningemwambia: nitalipa kodi ya leo kwa barabara ya leo, na tuandike kwamba kodi itapanda kuanzia mwezi ambao magari yatapita rasmi kati ya Busega na Mpigi. Kama ana uhakika kama anavyosema, hana sababu ya kukataa.

Mthamini wa Ardhi:

Naunga mkono pendekezo la Mama. Ila andika "kupita rasmi kwa umma", kwani bodaboda na teksi huanza kupenya kwenye tuta zamani kabla ya kufunguliwa, na mwenye ghala mjanja atasema barabara imekwisha kutumika. Na mkataba uwekewe tarehe ya mwisho, usiachwe wazi. Tangu UNRA, yaani mamlaka ya barabara za kitaifa, ilipovunjwa na kazi zake kurudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, ramani za makutano na mipaka ya eneo la barabara ziulize huko au ofisi ya wilaya Mpigi. Kabla ya kutia saini, hakikisha ghala lenyewe haliko ndani ya mipaka hiyo.

Mchuuzi wa Nsangi:

Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria kabisa. Nitakwenda wilayani wiki hii. Mzee Mhandisi, swali dogo kabla sijawaacha: mtu asiye na habari za ndani atajuaje kwamba kufunguliwa kumekaribia kweli, mbali na hotuba?

Mhandisi Mstaafu:

Tazama vinamasini, usitazame vilimani, kwa sababu vilimani lami huwahi. Ukiona marundo ya udongo wa ziada yameondolewa juu ya matuta, ujue ardhi imekubali. Baada ya hapo zitakuja tabaka za kokoto, kisha lami, na hizo huenda haraka. Kisha angalia kingo za chuma, uzio, mistari, alama na taa. Mkandarasi hafungi kingo za chuma mahali ambapo malori yake mwenyewe bado yanapita kubeba udongo, kwa hiyo zikianza kufungwa mfululizo kutoka Busega, mwambie mwenye ghala aandae kalamu.