Tupeane uzoefu: laptopu nyepesi yenye nguvu ya gemu na usanifu

mwenye_mada

Wakuu, tukusanye hapa tunachokijua kuhusu laptopu ambayo mtu anaibeba mgongoni siku nzima bila kuumia, na bado inabeba Blender (programu ya 3D) na gemu nzito. Naomba tusiishie kutaja majina ya mashine. Tuseme cha kukagua na kwa nini.

Naanza na kadi ya picha, maana hapo ndipo wengi wanapopigwa. Jina la kadi halitoshi. Kadi ya NVIDIA RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa kikomo chochote cha umeme kuanzia wati 35 hadi wati 115, na kwenye boksi zote zinaandikwa RTX 4060. Ndiyo maana 4060 yenye wati za kutosha inaweza kuiacha nyuma 4070 iliyobanwa ndani ya mwili mwembamba. Kwenye ukurasa wa mtengenezaji tafuta herufi TGP, yaani kikomo hicho cha umeme wa kadi. Usipoziona, usinunue kabla hujapata jibu. Kama mashine iko mbele yako na ina kadi ya NVIDIA, fungua Command Prompt, andika `nvidia-smi -q -d POWER`, kisha soma Max Power Limit. Ikitokea N/A, ingia NVIDIA Control Panel, sehemu ya System Information.

Halafu kadi ya laptopu si ile ya mezani hata kama namba ni moja. RTX 4070 ya mezani ina VRAM (kumbukumbu ya kadi yenyewe) ya GB 12, ya laptopu ina GB 8. RTX 4090 ya mezani ina 24, ya laptopu 16.

msanifu_3d

Hapo kwenye VRAM mkuu umegusa penyewe. Gemu ikikosa VRAM unaweza kushusha ubora wa picha ukaendelea kucheza. Kazi ya 3D haina huruma hiyo: tukio (mandhari yote unayoijenga) likizidi VRAM, ama linamwagikia kwenye RAM, kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, na kurenda (kutoa picha ya mwisho) kunakuwa kwa kujikokota, ama programu inagoma katikati.

Piga hesabu kabla ya kununua. Tekscha (picha inayofunika uso wa umbo la 3D) moja ya 4K, yaani pikseli 4096 kwa 4096, chaneli nne za biti 8, inakula MB 64 ikishafunguliwa kwenye kumbukumbu, hata kama faili yake ya JPEG ni ndogo. Ya 8K inakula MB 256. Tekscha ishirini za 8K ni GB 5, na hujaweka maumbo wala skrini yenyewe. Kwa hiyo GB 6 zinatosha Photoshop, Illustrator na 3D nyepesi. GB 8 ndiyo sakafu ya mtu wa 3D. Anayerenda majengo yenye bustani na samani atafute GB 12 kwenda juu. Ukibanwa na GB 8, shusha tekscha za vitu vya mbali ziwe 2K. Kila moja inashuka hadi MB 16 na macho hayatagundua.

RAM iwe GB 32. Angalia kama imechomelewa kwenye bodi, kwa sababu mashine nyingi nyembamba ziko hivyo na ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. ROG Zephyrus G14 ya 2024, kwa mfano, ina uzito wa kilo 1.5 hivi, lakini RAM yake haibadilishwi. Kama kuna nafasi mbili, weka vijiti viwili vinavyolingana. Kijiti kimoja kinakupa nusu ya upana wa njia ya data.

fundi_bodi

Mimi nasisitiza joto, maana ndilo linaloamua kama hizo wati utazipata kweli. Laptopu nyembamba inaweza kung'ara kwenye dakika mbili za kwanza, kisha prosesa ikifika karibu nyuzi 95 au 100 inajipunguza kasi ili isiungue. Jaribio la dakika mbili halikuambii kitu.

Fanya hivi: washa HWiNFO (programu ya kusoma joto na kasi) upande wa vihisi, endesha Cinebench (jaribio la nguvu ya prosesa) kwa mzunguko wa dakika 10, rudia mara mbili au tatu mfululizo, linganisha alama ya kwanza na ya mwisho. Ikishuka kidogo ni kawaida. Ikishuka kwa robo, ujue feni na mabomba ya joto hayaimudu prosesa hiyo. Kisha pima prosesa na kadi zikifanya kazi pamoja, kwa gemu nzito ya nusu saa, kwa sababu kwenye mashine nyingi vyote viwili vinagawana mabomba yaleyale.

Matundu ya hewa mengi yako chini. Godoro na mto vinayaziba. Kuinua nyuma ya laptopu sentimita 2 au 3 tu kunasaidia. Ukipuliza vumbi, shikilia feni isizunguke, hewa ya kasi inaweza kuiharibu. Na tafadhali, kama mashine imewekewa metali ya majimaji badala ya pesti ya kupitisha joto, usiifungue kwa kubahatisha: inapitisha umeme, na tone moja likidondokea kwenye bodi linaua.

mcheza_usiku

Kwa skrini: pikseli 2560 kwa 1600 ni karibu mara 1.8 ya 1920 kwa 1200, na kadi inalipia kila moja. Kwa inchi 14 au 16 hiyo ya kwanza ni nzuri kwa usanifu, kwenye gemu unashusha pikseli. Hakikisha kuna swichi ya MUX, ili kadi kubwa ipeleke picha moja kwa moja kwenye skrini bila kupitia kadi ndogo ya prosesa.

Rangi, soma vizuri kinachopimwa: NTSC, sRGB na DCI-P3 ni vipimo vya upana wa rangi ambazo skrini inaweza kuonyesha. "45% NTSC" ni skrini iliyopauka, haifai kazi ya kuchapisha. Takriban 72% NTSC ndiyo inayokaribia sRGB kamili. Anayekata video atafute DCI-P3.

Na msitegemee gemu kwenye betri. Betri ya Wh (wati-saa) 90 ikinyonywa wati 150 inaisha ndani ya dakika 36, ndiyo maana watengenezaji wanaibana kadi ukichomoa waya. Betri kubwa zaidi hamzioni sana kwa kuwa Wh 100 ndicho kikomo cha kawaida cha kupanda nayo ndege bila kuomba ruhusa.

mgeni_mpya

Wakuu, naweza kuacha chaja kubwa nyumbani nikatumia ya USB-C?

fundi_bodi

Kwa usanifu mwepesi, ndiyo, ikiwa mlango huo unapokea chaji. Uliza, si kila USB-C inapokea. Chaja ya wati 100 inahitaji waya wa ampea 5. Waya wa ampea 3 unaishia wati 60 hata chaja iwe kubwa. Ukifungua gemu, mashine inayotaka wati 200 itaishusha kadi au itakula betri huku imechomekwa. Kwa hiyo unapopima uzito, weka laptopu na chaja yake kubwa pamoja kwenye mizani.

msanifu_3d

Nyongeza kwa mgeni: orodhesha programu zako kwanza. Revit, 3ds Max na SolidWorks ni za Windows. MacBook Pro ni nyepesi na haishuki nguvu kwenye betri, ila kwa hizo tatu na kwa gemu nyingi za mtandaoni utakwama.